Oili Inayovuja katika Gari Kuukuu: Tone Linatoka Wapi?

Gari lililotumika kwa miaka ishirini au zaidi huacha alama mahali lilipolala. Asubuhi linapoondolewa, chini yake huonekana doa jeusi lenye kung'aa, pengine la ukubwa wa kifuniko cha soda, pengine la ukubwa wa sahani. Mwenye gari hupewa mashauri mawili yanayopingana. La kwanza husema kwamba kila gari kuukuu huvuja, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika. La pili husema kwamba sili ya nyuma ya injini imekufa, na kwamba hapana budi giaboksi ishushwe. Shauri la kwanza laweza kuiua injini. La pili laweza kummalizia mwalimu mshahara wake wa miezi kadhaa kwa ajili ya oili ambayo kumbe ilikuwa ikitoka mahali pengine kabisa, juu ya injini, kwenye gasketi inayobadilishwa kwa spana moja katika muda wa saa moja au mbili.

Fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari, pamoja na kemia kidogo, yatosha kumwongoza mtu kati ya mashauri hayo mawili. Kinachotakiwa ni kupima kabla ya kuogopa, na kutafuta chanzo kabla ya kufungua bolti yoyote.

Ni oili kiasi gani inayopotea?

Jicho halifai kupimia oili iliyomwagika. Katika siku ya mvua tone moja tu lililoangukia lami yenye maji hutanda na kuwa duara lenye rangi za upinde wa mvua. Rangi hizo hutokea wakati utando wa oili unapokuwa mwembamba kiasi cha kukaribia urefu wa mawimbi ya mwanga: miali inayorudishwa na uso wa juu wa utando hukutana na ile inayorudishwa na uso wa chini, na baadhi ya rangi huimarishwa huku nyingine zikififishwa. Tone lenye ujazo wa mililita 0.025, likitandazwa hadi unene wa milimita 0.0003, hufunika eneo la sentimita za mraba 830 hivi, yaani duara lenye kipenyo cha sentimita 32. Mtu akiliona hudhani kikombe kizima kimemwagika.

Njia iliyo bora ni kuhesabu matone. Kwa kutumia kidondoshi cha maabara mwanafunzi ataona kwamba mililita moja ya maji hutoa matone kama 20, lakini mililita moja ya oili, kwa kidondoshi kilekile, hutoa matone kama 40. Sababu ni kwamba mkazo wa uso wa oili ni mdogo kuliko wa maji, na kwa hiyo hauwezi kulibeba tone kubwa. Tone linaloning'inia kwenye kichwa cha bolti pana huwa kubwa zaidi ya hilo. Hata hivyo hesabu ya matone 40 yafaa kwa makadirio ya kwanza.

Basi, gari likidondosha tone moja kila baada ya dakika kumi likiwa limesimama, kwa siku nzima hupoteza matone 144, ambayo ni mililita 3.6. Lita moja itachukua zaidi ya miezi tisa kupotea. Gari lidondoshalo tone kila dakika hupoteza lita moja katika siku 28. Tofauti baina ya hali hizo mbili ni kubwa, ingawa doa la asubuhi katika zote mbili humtisha mwenye gari vilevile.

Kipimo cha mwisho, lakini, ni kijiti cha kupimia oili. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe, na zipite dakika kumi ili oili ishuke yote chini kwenye sampu. Katika magari mengi madogo nafasi iliyo kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kijiti ni ya lita moja hivi. Mwenye gari na aandike katika daftari tarehe, kilomita zilizosomwa, na kiasi cha oili alichoongeza. Gari linalotaka robo lita kwa kilomita 1,000 laweza kuendeshwa huku likichunguzwa pole pole. Linalotaka zaidi ya nusu lita kwa umbali huo halivuji kidogo tena. Ikiwa ardhi chini yake ni kavu na huku kijiti kinashuka, oili haivuji bali inaungua ndani ya silinda, na moshi wa rangi ya buluu kwenye ekzosi utathibitisha hivyo.

Wapo madereva wanaotegemea taa nyekundu ya oili iliyopo mbele yao. Hilo ni kosa lililoua injini nyingi. Taa ile haipimi wingi wa oili. Inapima kanieneo ya oili inayosukumwa na pampu. Huwaka wakati kanieneo imeshuka mno, na katika gari linalovuja maana yake mara nyingi ni kwamba pampu imeanza kufyonza hewa. Kufikia hapo utando mwembamba wa oili unaoitenga krenkishafti na beringi zake umekwisha kukatika, na chuma kinasaga chuma. Injini izimwe papo hapo, hata kama ni katikati ya mlima.

Kwa nini mwanya mdogo huvujisha oili

Vipande vya injini havikuchongwa kwa ulaini wa kuweza kushikana bila mwanya. Baina yao hutiwa gasketi ya mpira, ya kizibo au ya karatasi ngumu, na mahali pale ambapo mhimili unazunguka na kutokeza nje hutiwa sili, yaani pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaobanwa na springi ndogo ya duara.

Katika gari jipya mpira huo ni laini, na hujaza kila bonde dogo la chuma. Joto la miaka mingi huubadilisha. Hewa huungana na molekuli za mpira na kuzifunga pamoja zaidi ya ilivyokusudiwa. Vilainishi vilivyochanganywa humo kiwandani hutoka kidogo kidogo. Na hatimaye mpira huwa mgumu kama plastiki, ukavunjika ukikunjwa. Kizibo nacho hukauka na kusinyaa. Juu ya hayo, metali hutanuka na kusinyaa kila gari linapowashwa na kuzimwa, na haitanuki kwa kiasi kimoja. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Kipande cha aluminiamu chenye urefu wa milimita 400, kilichofungwa juu ya chuma cha kusubu, kikipata joto kwa nyuzi 70 za Sentigredi, hutaka kurefuka zaidi ya jirani yake kwa theluthi moja ya milimita. Gasketi iliyo katikati husuguliwa hivyo kila siku.

Mwanya ukishapatikana, oili hupita kwa kanuni ambayo inafaa kukumbukwa. Kiasi kinachopita kwa sekunde huongezeka kwa uwiano wa kanieneo inayoisukuma, na hupungua kwa uwiano wa mnato wa oili na wa upana wa gasketi inayopaswa kuvukwa. Lakini urefu wa mwanya wenyewe, yaani nafasi iliyo baina ya chuma na chuma, huingia katika kipeo cha tatu. Mwanya ukiongezwa mara mbili, uvujaji huongezeka mara nane. Ukipunguzwa kuwa nusu, uvujaji hubaki sehemu moja ya nane tu.

Kutokana na kanuni hiyo mambo kadhaa hufahamika mara moja. Oili ya daraja la 20W-50 huwa na mnato wa karibu mara tisa zaidi katika nyuzi 40 kuliko katika nyuzi 100. Ndiyo maana gari lililotoka safarini hudondosha sana kwa nusu saa, kisha hutulia. Hufahamika pia kwa nini dawa ipendwayo ya kutia oili nzito haileti nafuu kubwa. Mtu akiacha oili ya 10W-30 na kutia ya 20W-50, mnato wakati wa joto hauongezeki hata mara mbili, na uvujaji hupungua kwa kama theluthi moja hivi. Kukaza bolti zilizolegea, hata kwa robo ya mzunguko, kwaweza kufanya kazi kubwa kuliko hiyo. Isitoshe, oili nzito huchelewa kufika juu ya injini asubuhi ya baridi, jambo ambalo mkazi wa Njombe hana budi kulifikiria zaidi kuliko mkazi wa Tanga.

Kanieneo nayo hutofautisha uvujaji mdogo na uvujaji wa hatari. Chini ya kava ya tapeti, juu kabisa ya injini, oili haina msukumo. Hurushwa tu na kutuama. Oili yenye kina cha sentimita moja husukuma gasketi kwa kanieneo ya paskali 86 hivi. Lakini katika njia kuu za oili, kwenye filta na kwenye swichi ya taa nyekundu, pampu huleta kanieneo ya kama paskali 300,000, yaani zaidi ya mara 3,000. Unyevunyevu kwenye kava ya tapeti waweza kungoja mwisho wa mwezi. Unyevunyevu kwenye filta au swichi ya oili usingojwe, kwa maana waweza kugeuka mfereji njiani. Filta mpya ikivuja mara tu baada ya kufungwa, kitu cha kwanza cha kuangalia ni kama gasketi ya filta ya zamani ilibaki imenata kwenye injini, na ile mpya ikafungwa juu yake.

Kutafuta chanzo

Mahali oili inapodondokea si mahali inapotokea. Oili inayotoka nyuma ya kava ya tapeti huteremka ukutani mwa injini, hufuata ukingo wa bloku, hukusanyika pale injini inapoungana na giaboksi, kisha hudondoka hapo hapo ambapo tone la sili ya nyuma lingedondoka. Gari likiwa mwendoni, upepo huisukuma oili nyuma zaidi. Kwa sababu hiyo anayechungulia kwa chini tu hukisia, na makisio ya namna hii ndiyo yanayoshusha giaboksi bila sababu.

Kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi. Kila sehemu yenye uchafu husafishwa kwa brashi, kwa maji yenye sabuni au kwa mafuta ya taa kidogo, lakini kamwe si kwa petroli, ambayo mvuke wake hushika moto kwa cheche yoyote. Sehemu za umeme zifunikwe kwa mfuko wa plastiki. Baada ya kukauka kabisa, sehemu zinazoshukiwa hupakwa poda nyeupe. Shuleni unga wa chaki uliosagwa wafaa sana, na hauna gharama. Gari liendeshwe kilomita chache, lirudishwe, na lifunguliwe boneti. Oili itakuwa imechora njia yake juu ya weupe ule, na sheria ya kusoma mchoro huo ni fupi: chanzo ni pale penye unyevu palipo juu zaidi na mbele zaidi.

Kwa usiku, kipande cha boksi kitandikwe chini ya injini, na mahali pa magurudumu ya mbele paandikwe juu yake ili kipande kirudishwe vilevile usiku wa pili. Boksi huonyesha pia kama ni oili kweli. Oili ya injini huwa ya hudhurungi au nyeusi; ya giaboksi ya otomatiki mara nyingi huwa nyekundu; dawa ya rediyeta huwa ya kijani au ya waridi; na mafuta ya breki, ambayo kuvuja kwake ni jambo la kusimamisha gari siku ile ile, huwa meupe au ya njano na hubandua rangi ya gari.

Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekewe vigingi imara vya chuma, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe au magogo.

Injini lazima ipumue

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni hewa iliyomo ndani ya injini. Ringi za pistoni hazizibi kabisa. Sehemu ya gesi inayolipuka silindani hupenya na kushuka kwenye sampu. Zamani gesi hiyo iliachwa itoke barabarani kwa bomba. Tangu miaka ya 1960, jimbo la California huko Marekani likitangulia kwa sababu ya moshi wa mjini Los Angeles, magari yalianza kutiwa valvu ndogo inayoirudisha gesi kwenye manifoldi ya kuvutia hewa ili iunguzwe tena.

Valvu hiyo au mpira wake ukizibwa na masizi, gesi haina pa kutokea. Kanieneo ya paskali 2,000 tu, ambayo ni kama sehemu moja ya hamsini ya kanieneo ya hewa ya kawaida, ni zaidi ya mara 20 ya ile ya oili iliyotuama chini ya kava. Gasketi mpya ikitiwa katika injini ya namna hii huvuja tena baada ya wiki chache, na fundi hulaumiwa bure. Kwa hiyo valvu ya kupumulia isafishwe au ibadilishwe kwanza, kabla ya kununua gasketi. Uchunguzi wake ni rahisi: injini ikiwa inanguruma pole pole, kifuniko cha kutilia oili hufunguliwa kwa hadhari na karatasi nyembamba ya plastiki huwekwa juu ya tundu. Ikivutwa ndani kidogo, injini inapumua vyema. Ikisukumwa juu kwa nguvu hata baada ya valvu kusafishwa, ringi zimechakaa, na hapo tatizo si la gasketi tena.

Historia ina mfano unaofaa hapa. Injini ya aina ya A iliyotiwa katika Morris Minor kuanzia mwaka 1952 haikuwa na sili ya mpira nyuma ya krenkishafti. Badala yake ilichongwa hesi iliyoelekezwa kinyume, ambayo ilipozunguka iliirudisha oili ndani. Iliposimama haikurudisha kitu. Gari kama hilo lilitoka kiwandani likiwa na haki yake ya kudondosha tone, na fundi anayejaribu kulikausha kabisa anashindana na aliyelisanifu.

Kukaza, kubadilisha, na dawa za chupa

Bolti za kava ya tapeti zikionekana kulegea, zikazwe kuanzia katikati kuelekea pembeni, kila moja kidogo kidogo. Nguvu inayotakiwa ni ndogo: kwa magari mengi ni kati ya nyutoni-meta 5 na 10, nayo kanuni ya wenzo hutwambia kwamba spana yenye urefu wa sentimita 15 ikivutwa kwa nyutoni 50, yaani kama uzito wa mfuko wa sukari wa kilo 5, huleta nyutoni-meta 7.5. Zaidi ya hapo kava hupinda: bati hushuka penye bolti na kuinuka baina ya bolti, na mwanya uliokusudiwa kuzibwa huongezeka, huku uvujaji ukifuata kile kipeo cha tatu. Kava nyingi zimeharibiwa na mikono yenye nguvu.

Gasketi iliyokwisha kuwa ngumu haikazwi, hubadilishwa. Nyuso za chuma zikwanguliwe kwa kijiti cha mbao au plastiki, kwa kuwa bisibisi huikata aluminiamu, kisha zifutwe hadi zikauke. Gundi ya silikoni hutiwa pale tu kitabu cha gari kinapoagiza, mara nyingi kwenye pembe. Ikitiwa nyingi huminywa ndani, hukatika vipande, na kwenda kuziba chujio la pampu.

Dawa za chupa za kuzuia uvujaji zina kemikali zinazoingia katika mpira mgumu na kuuvimbisha. Kwa sili iliyoanza tu kukauka zaweza kuleta nafuu ya muda. Hazina msaada kwa kizibo, kwa karatasi, wala kwa bolti iliyolegea. Ipo pia desturi ya kutia mafuta ya breki ndani ya oili kwa nia hiyo hiyo. Desturi hiyo iachwe: mafuta ya breki ya kawaida ni ya jamii ya glaikoli, hayachanganyiki na oili, na hunyonya maji.

Uvujaji ulio mdogo kwa kipimo waweza kuwa mkubwa kwa mahali. Oili ikidondokea manifoldi ya ekzosi, ambayo katika kazi nzito huweza kupita nyuzi 400 za Sentigredi, huleta moshi na huenda ikaleta moto. Ikifika kwenye klachi, klachi huteleza. Ikilowesha mkanda wa taimingi wa mpira, mkanda huoza kabla ya wakati wake, na katika baadhi ya injini ukikatika valvu hugongana na pistoni. Katika hali hizo tatu hesabu ya matone haina maana. Uvujaji uzuiwe mara moja.

Oili chafu

Oili iliyotumika ina chembe za metali na masizi, na baadhi ya kemikali zake zinajulikana kusababisha kansa ya ngozi kwa watu wanaoigusa kwa miaka mingi. Mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa petroli. Iliyomwagika sakafuni inyonywe kwa unga wa mbao au pumba za mpunga. Iliyokingwa ihifadhiwe katika dumu lenye kifuniko na ipelekwe gereji inayokusanya oili chafu. Kuipaka kwenye nguzo za uzio ili kuzuia mchwa ni desturi ya siku nyingi, lakini mvua huiosha na kuishusha ardhini, na haifai kabisa karibu na kisima au bustani ya mboga.

Jaribio la darasani

Swali la kwa nini mipira ya maji ya rediyeta huvimba ikilowa oili, na sili za oili hazivimbi, laweza kuchunguzwa shuleni. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli na kipande cha sili ya oili iliyotupwa gereji, kila kimoja chenye masi ya gramu 5 hivi. Pima masi na urefu wa kila kipande, kisha vitumbukize katika vikopo viwili vyenye oili mpya na kuviacha kwa siku saba, mahali pasipo na jua. Vitoe, vifute vizuri, upime tena. Tyubu itakuwa imeongezeka masi na kulegea, kwa sababu molekuli zake hazina ncha za umeme, kama zile za oili, na vitu vinavyofanana huingiliana. Sili nyingi za oili hutengenezwa kwa mpira wa naitraili, ambao molekuli zake zina vikundi vyenye ncha za umeme, nao huikataa oili. Masi yake haitabadilika sana. Wanafunzi warudie jaribio hili kwa vipande vipya katika mafuta ya taa, halafu katika maji, na kuchora matokeo yote katika grafu moja.